Kasuku na Mikono ya Mwosha Maiti

Wifi yangu Mwasiti ana mikono ambayo watu wa mtaa wetu hawapendi kuiangalia. Si kwamba ina ila. Ni mikono mizuri, yenye vidole virefu na kucha zilizokatwa fupi, wala haina hata kovu la jiko. Lakini ndiyo mikono inayoosha wanawake wetu wakifa, na kila anayeiona anakumbuka kwamba siku moja itamgusa na yeye, basi hapo hapo anakuwa na haraka. Mwezi wa Ramadhani Mwasiti akipeleka sahani ya futari kwa jirani, sahani inarudi imeoshwa vizuri, asante nyingi, na sisi tunamwona paka wa jirani anavyonenepa.

Mimi ni Ummy. Mwasiti aliolewa na kaka yangu Saad hapa Ujiji, na Saad alipofariki hakurudi kwao. Watoto hawakujaliwa. Tukabaki uwanja mmoja, nyumba yake upande wa kibla, yangu upande wa lango, ua katikati. Mimi nauza migebuka, samaki wa ziwa letu, sokoni Katonga, nina mdomo, hilo nalijua na sihitaji kukumbushwa. Mwasiti hana mdomo kabisa. Kazi yake imemfundisha kunyamaza. Juu ya maiti hakuna gumzo, hakuna kuulizana habari za mjini. Ni maji, kitambaa, na jina la Mungu chini chini. Anaporudi nyumbani anaendelea na ukimya wake, na mimi naongea kwa niaba yetu wote wawili.

Sasa nikwambie habari ya yule kasuku.

Mtaa wa nyuma yetu alikuwepo Bi Yasmini, mwanamke wa zamani, msafi wa kupindukia. Mumewe alimletea kasuku kutoka ng'ambo ya ziwa, wa kijivu, mkia mwekundu, zamani hizo ambapo watu walivuka na kurudi na chochote walichopenda. Akamwita Tunu. Mume akafa, watoto wakahamia Dar es Salaam, Bi Yasmini akabaki na Tunu begani, anachambua mchele huku ndege anamchambua yeye nywele. Ukifika mlangoni ukapiga hodi, unajibiwa: "Karibu, vua viatu." Unavua, unaingia, unasalimia shikamoo, kumbe umemwamkia kasuku, mwenye nyumba yuko chooni. Hayo yalimpata hata imamu.

Bi Yasmini alipofariki, aliyeitwa kumwosha ni Mwasiti. Waliosha uani, kama kawaida, wakazungushia khanga kwenye kamba ili pawe na stara. Mimi nilikuwepo kuteka maji tu, maana kushika maiti mimi siwezi, nimewahi kualikwa nijifunze nikakataa, na nitakataa tena. Tundu la Tunu lilikuwa limetundikwa pale pale uani, chini ya paa. Hakuna aliyekumbuka kumwondoa. Na nani angekumbuka? Siku ya msiba unahesabu sufuria, huhesabu ndege.

Baada ya msiba watoto wake walirudi zao Dar na kumwachia mtu mmoja ailinde nyumba. Huyo bwana hakutaka makelele, akamtia kasuku stoo ya mkaa. Akitaka kusafisha tundu, anamrushia gunia na kumvuta kwa mabawa yote mawili, vile tunavyokamata kuku wa kuchinja. Simsingizii, mwenyewe alituonyesha anavyofanya, tena kwa fahari. Mwasiti alikuwa anapita na ndoo yake, akasikia ndani ya stoo kitu kinakwaruza ukuta. Akagonga mlango. Yeye ambaye haombi mtu hata chumvi, siku hiyo aliomba ndege.

Alikuja naye kwenye bodaboda, tundu mapajani, na khanga juu. Nilipoifunua ile khanga sikumtambua. Kifuani hana unyoya hata mmoja, ngozi imevimba kwa kujidonoa. Jicho la kushoto limetanda ukungu mweupe, uzee huo. Na mdomo wa juu, ambao kwa kasuku ndio kisu na uma wake, ulikuwa umekua na kujikunja mpaka ncha yake inakaribia koo. Chikichi alishindwa kuzimenya. Alikuwa analamba uji tu, na kusema hasemi tena.

"Huyu umeletewa umwoshe au umfuge?" nikamuuliza Mwasiti.

Hakucheka. "Nataka akae," akasema.

Bwana Castory wa wanyamapori alikuja, maana kasuku hafugwi hivi hivi kama bata, kuna sheria. Akamtazama, akasema mzee wa namna hii ukimrudisha porini umemuua, akatupa ruhusa ya kukaa naye, na akatuletea daktari wa mifugo kutoka Mwandiga. Daktari Esther ni msichana wa Kiha, mpole, mikono imezoea mbuzi. Alitwambia ukweli bila kujikweza.

"Mama zangu, mimi kasuku nimeshika wachache," alisema. "Lakini mdomo huu lazima upunguzwe. Ukiachwa, hata uji utamshinda, atakufa njaa mbele ya chakula. Na nikimkamata leo kwa nguvu, alivyo mzee na alivyo na hofu, moyo wake unaweza kusimama mikononi mwangu. Mfundisheni kwanza kushikwa. Azoee kufungwa kwenye kitambaa na kutulia. Msimbane kifua, ndege akibanwa kifua hapumui."

"Na akikataa kuzoea?" nikauliza.

"Basi nitamkata hivyo hivyo na tutaona." Akaeleza kwamba mwisho wa mwezi anapanda boti kwenda vijiji vya kusini kuchanja mbuzi, na hatarudi mpaka mvua za masika ziishe. Angepita kwetu Ijumaa ile ya kuondoka, asubuhi. Kabla ya hapo Tunu awe ameshikika.

Mwasiti akaanza siku hiyo hiyo. Akafungua sanduku lake, akachagua kitambaa kisafi kuliko vyote alivyokuwa navyo, cheupe, laini, kilichopigwa pasi. Akakishika kwa mikono miwili na kusogea kimya kimya, polepole, kwa adabu ile ile anayoingia nayo kwenye chumba cha maiti. Tunu alimwona kwa jicho lake zima. Loo, sijawahi kusikia ndege akilia vile. Alijirusha kwenye nyaya, akajigonga, akaanguka chini ya tundu, akalala chali miguu juu anapigana na hewa. Mwasiti akarudi nyuma. Akangoja mpaka mchana, akajaribu tena, yakawa yale yale. Kesho yake yale yale, na ubawa ukatoka damu.

Mimi nilimwambia aache. Nilimwambia ndege ameshaharibika akili, ampeleke kwa daktari akatwe mdomo, akifa amekufa, akipona amepona. Nilikuwa nimechoka na kelele, na migebuka yangu ilikuwa inanisubiri. Mwasiti alikaa kwenye kigoda, kitambaa mapajani, anakikunja na kukikunjua.

"Ummy," akasema, "watu nimewazoea. Wakikwepa mikono yangu nanyamaza, najua wanaogopa nini. Lakini huyu hajui mimi ni nani. Nilidhani huyu angalau angenikubali." Akafuta uso kwa upande wa mkono. "Hata ndege, Ummy."

Nilikwenda jikoni nikasugua sufuria ambayo tayari ilikuwa safi.

Siku chache baadaye aliitwa Gungu, kuna bibi amefariki. Akaniachia Tunu nimpe uji. Nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka Katonga, sijaoga, mikono inanuka samaki mpaka kwenye viwiko. Nikasogea huku nikimlaumu yule ndege kwa kila kitu kilichoharibika duniani, nikamwambia wewe mzee, mwenzako analia kwa ajili yako, huna haya. Nikachukua chikichi niliyoichemsha ikalainika, nikaipitisha kwenye nyaya. Tunu aliinamisha kichwa. Akasikiliza. Halafu akanyoosha shingo, akaipokea, akaanza kuivuta nyuzi zake kwa ulimi, mafuta mekundu yanamtiririka kidevuni. Hakujirusha. Nikampa nyingine.

Mwasiti akarudi. Alipita langoni, akaweka sanduku lake dogo chini, akaja kuona. Hata hajafika karibu, Tunu alikaza manyoya yote mwilini, chikichi ikamdondoka, na kilio kikaanza.

Mimi na pua yangu ya sokoni nikaisikia. Ilikuwa kwenye nguo zake, kwenye ushungi, kwenye mikono. Kafuri. Ile inayotiwa kwenye maji ya mwisho ya maiti. Tumeizoea kiasi kwamba kwetu ndiyo harufu ya Mwasiti, kama mwingine anavyonuka sabuni. Na kile kitambaa kisafi kuliko vyote kilitoka sanduku gani? Sanduku lile lile, kimelala na kafuri miaka na miaka.

"Wifi," nikasema, "ni kafuri."

"Kafuri imefanya nini?"

"Huyu alikuwa uani kwa Bi Yasmini siku ile. Tundu lilikuwa juu ya vichwa vyenu. Alikuona unaingia na kitambaa cheupe, harufu hiyo ikajaa ua mzima, mkamfunga mama yake mkampeleka, na hakumwona tena. Halafu wewe unamwendea na kitambaa hicho hicho. Mimi pia ningelia."

Nilivyosema hivyo ndivyo nilivyosema, sikuzungusha. Mwasiti alisimama katikati ya ua. Akaleta mikono yake puani, akainusa, na nadhani hakuisikia, maana mtu harufu yake mwenyewe haisikii. Uso wake ulikunjamana vibaya. Nilitamani ningemeza maneno yangu, lakini yalishatoka na yalikuwa kweli.

Tangu hapo ikawa kazi. Nguo zake zote zilichemshwa kwa sabuni na kuanikwa juani siku nzima. Mikono aliisugua kwa majivu, kwa ndimu, kwa mchanga wa ziwani, mpaka ngozi ikawa nyekundu. Sanduku la kazi akaliweka nyumbani kwangu, chini ya kitanda changu, eti mimi siogopi. Siogopi wapi, nilikuwa nalala nimekumbatia ukuta. Na akawaambia wanawake wa msikitini kwamba atapumzika kuosha mpaka mwisho wa mwezi, wamtafute mwingine.

Midomo ikafunguka. Mwasiti kaacha maiti za Waislamu kwa ajili ya kasuku. Mwasiti amerogwa na ndege wa Kongo. Wale wale ambao futari yake wanampa paka, leo wamekosa raha kwa kuwa hawatashikwa na mikono yake. Mmoja alinipata Katonga akaniuliza kama ni kweli, nikamuuliza kama ana mpango wa kufa wiki hii, maana kama anao tumwekee nafasi. Hakununua samaki wangu tena.

Aliyemwelewa ni Bi Siwema peke yake. Huyo ndiye aliyemfundisha Mwasiti kuosha, alikuwa amelala kitandani miezi mingi, mwili umeisha, akili nzima. Mwasiti alikwenda kumwomba radhi. Bi Siwema akacheka kwa meno yake mawili. "Pumzika, mwanangu," akamwambia. "Mimi nitakusubiri." Kulikuwa na ahadi baina yao tangu zamani: Bi Siwema haoshwi na mtu mwingine ila Mwasiti.

Kitambaa kilipatikana kwangu. Nguo za Bi Yasmini zilipogawiwa sadaka, mimi niliangukiwa khanga moja kuukuu ya rangi ya chungwa, na nilikuwa naifungia beseni la samaki. Harufu ya mwenyewe ilikwisha zamani, mimi na migebuka tulishaimaliza. Mwasiti akaifua kwa maji matupu, akaitundika karibu na tundu. Tunu akaitazama mpaka jioni, kisha akavuta pindo lake kwa ule mdomo mbovu na kuliingiza ndani kupitia nyaya. Sijui aliikumbuka au alipenda samaki.

Halafu ikaja hodi. Asubuhi moja nikatoka kupiga mswaki, nikamkuta Mwasiti amesimama hatua kadhaa kutoka kwenye tundu, peku, mikono nyuma.

"Hodi," anasema. Kimya. Anangoja. Tunu anajikunyata. Mwasiti anageuka na kuondoka. Baada ya muda anarudi. "Hodi, Tunu."

"Mtu mzima unapigia hodi kasuku," nikamwambia, povu mdomoni.

"Nimeingia nyumba nyingi bila hodi, Ummy," akasema. "Wenyewe hawakuwa na uwezo wa kunikatalia. Huyu anao."

Basi akawa anamsikiliza. Tunu akijikunyata, maana yake hapana, na Mwasiti anaheshimu, haombi mara ya pili. Tunu akigeuza jicho zima upande wake na kulegeza manyoya ya shingo, maana yake ndiyo, na Mwasiti anasogea, akisema kila anachofanya kabla hajakifanya. Nafungua mlango. Naleta mkono. Huu mkono uko upande wako wa kushoto, ule usioona. Mwanamke ambaye tangu nimjue anaongea kwa kijiko, sasa ananong'ona siku nzima kama redio iliyopunguzwa sauti. Mimi nilianza kunyamaza ili nimsikilize.

Khanga ikalazwa kwenye kijiti. Ikalazwa kwenye mkono, Tunu akapanda juu yake. Ikagusa mgongo na kuondoka. Ikafunika mabawa na kuondoka. Ikazunguka mwili, bila kukaza, na kuachia hapo hapo kabla ndege hajataka kuachiwa. Kila mara chikichi laini, kila mara hodi. Kuna siku tulirudi nyuma kwa sababu pikipiki ilipasuka ekzosi barabarani, Mwasiti akaanza upya bila kuguna. Ningekuwa mimi ningemtukana ndege na mwenye pikipiki pamoja.

Na mchana mmoja nilirudi sokoni nikawakuta barazani. Tunu yuko ndani ya khanga, kichwa tu nje, amekaa kwenye mapaja ya Mwasiti. Ameinamisha kichwa, shingo wazi, na Mwasiti anamkuna kwa kidole kimoja, unyoya kwa unyoya. Ndege amefumba macho. Mwasiti aliniangalia tu, na uso wake ulikuwa uso ambao sijauona tangu Saad yuko hai. Nilipita pembeni ya ukuta nisiwasumbue, beseni kichwani.

Ijumaa ya daktari ikafika. Tulikuwa tumekwisha kufagia, maji ya moto yako kwenye chupa, Mwasiti ameoga, amekaa anasubiri. Kwenye lango akatokea Luqman, mtoto wa Bi Siwema. Alikuwa na kanzu na macho mekundu. Hatukuhitaji kuuliza.

"Mama ametutoka alfajiri," akasema. "Tunazika baada ya swala ya Ijumaa. Alisema ni wewe tu, Shangazi."

Mwasiti alisema inna lillahi, akabaki amekaa. Alimtazama Luqman, akamtazama Tunu. Nilijua anachopiga hesabu, maana na mimi nilikuwa naipiga. Akienda sasa, atarudi ananuka kafuri. Daktari anapita asubuhi hii, boti yake inaondoka mchana, na Tunu wiki ile alikuwa ameanza kumwaga hata uji. Asipokwenda, Bi Siwema amesubiri bure.

"Daktari hawezi kuwahi?" nikauliza. Nikapiga simu. Yuko njiani kutoka Mwandiga, ana wagonjwa wawili njiani, hawezi kufika mapema zaidi, na kwa saa hiyo Bi Siwema anatakiwa awe ameshaoshwa.

Luqman alikuwa bado amesimama. Mwasiti akainuka, akaenda kwenye tundu. Akapiga hodi, akakubaliwa, akaingiza mkono na kumkuna Tunu shingoni muda mrefu. Kisha akafunga mlango wa tundu na kunigeukia.

"Utamshika wewe."

"Una akili kweli wewe," nikasema. "Mimi nashika samaki, tena waliokufa."

"Umesikia kila kitu. Unasema kabla ya kugusa. Humbani kifua. Ukipiga hodi asipokubali, ngoja." Akaniwekea khanga mkononi. "Usimharakishe, Ummy, hata daktari akikuharakisha."

Akaingia chumbani kwangu, akavuta sanduku chini ya kitanda, akalipitishia mbali na baraza, akatoka na Luqman.

Daktari Esther alipofika alinikuta nimekaa na khanga mapajani, jasho linanitoka utadhani nimepanda mlima. Nikamweleza. Akaangalia saa, akasema haya, tujaribu, akapanga vitu vyake kwenye kitambaa: mkasi mfupi, tupa ndogo, pamba. Nikasogea.

"Hodi," nikasema. Sauti yangu ya sokoni. Tunu akajikunyata.

Nikarudi nyuma. Daktari akaangalia saa tena lakini, Mungu amjalie, hakuniharakisha. Nikangoja. Nilimfikiria Mwasiti kule, maji na kitambaa, anamwosha aliyemfundisha. Nikasogea tena, na safari hii nikaongea kwa sauti ambayo sikujua ninayo.

"Hodi, Tunu. Mwasiti yuko kazini. Ni mimi mwenye samaki."

Akageuza jicho zima. Akainamisha kichwa upande, akasikiliza, akalegeza shingo. Na mle ndani ya tundu, baada ya miezi yote ile ya ububu, ikatoka sauti ya Bi Yasmini, kavu, safi, kama yuko nyuma ya mlango:

"Karibu, vua viatu."

Nilikuwa na ndala. Nikazivua. Nikatazama, na Daktari Esther naye anavua buti zake za mpira bila kuuliza.

Nilimwambia naleta khanga, nikaleta khanga. Nilimwambia nafunika mabawa, nikafunika. Alikuwa mwepesi kiasi cha kuogofya, na moyo wake ulikuwa unapiga chini ya vidole vyangu kwa kasi sana, lakini hakupigana. Daktari akakata, akasugua, akakata tena kidogo. Nilimsimulia Tunu habari za Katonga zote, bei ya dagaa, nani kagombana na nani, mradi asisikie kimya. Ilipokwisha nikalegeza khanga, akatoka mwenyewe, akajikung'uta, akaujaribu mdomo wake kwenye kijiti. Nikampa chikichi ngumu, isiyochemshwa. Akaishika kwa mguu mmoja, akaimenya.

Daktari akaondoka. Nikakaa chini barazani.

Mwasiti alirudi baada ya maziko. Hakuingia. Alisimama langoni, ushungi umelowa, na kutoka pale nilipokaa niliisikia kafuri.

"Anaishi?" akauliza.

"Anakula chikichi nzima. Na amesema."

Nikamwambia alichosema. Akaniuliza kwa sauti ya nani, nikamwambia ya mwenyewe. Akatikisa kichwa taratibu. Kisha akashindwa kujizuia, akapiga hatua mbili ndani ya ua, na Tunu akakaza manyoya, chikichi ikasimama njiani. Mwasiti akarudi langoni hatua zile zile.

Angejisugua tena, utasema. Alijisugua. Lakini Bi Siwema amekufa, na kwa wanawake wa upande wetu sasa mwosha ni Mwasiti peke yake. Harufu ikianza kuisha, anagongewa tena. Mvua za mwaka huu zimekuja na homa nyingi. Hawezi kusema hapana mara ya pili, na mimi siwezi kumwomba aseme. Kwa hiyo tundu limehamia kwangu, na anayekunwa shingo ni huyo huyo Tunu, lakini kidole ni changu, chenye magamba ya samaki. Manyoya ya kifuani yameanza kuota. Mwasiti akirudi kazini anasimama langoni, anavua viatu huko huko nje, anapiga hodi. Tunu hamwoni kutoka mbali, na kafuri haimfikii, anasikia sauti tu, na sauti anaipenda. Anamkaribisha. Mwasiti anakaa kidogo pale pale, viatu mkononi, kisha anazunguka nyuma ya nyumba kuingia kwake.

Juzi alikaa hapo langoni muda mrefu, mimi natengeneza samaki, Tunu begani kwangu.

"Ummy," akasema, "siku yangu ikifika msinioshe kwenye ua huu. Nipelekeni Gungu kwa dada yangu. Sitaki Tunu aone."

Nikamuuliza nani kamwambia kasuku mzee vile ataishi mpaka amzike yeye. Akasema kasuku wanaishi sana, na yeye anajijua. Nikamuuliza, kwa hasira kwa sababu sipendi mazungumzo hayo, basi huko Gungu ataoshwa na nani, kama kila mtu anayemfaa amekufa.

"Nilidhani wewe," akasema.

Kisu kilinisimama mkononi. Kisha nikasema kile kilichokuwa mdomoni, maana ndivyo nilivyo. "Na mimi nikikuosha nikanuka kafuri, Tunu atashikwa na nani?"

Hilo hakuwa amelifikiria. Akamtazama ndege begani kwangu, ndege hamwoni. Akainusa mikono yake tena, ile tabia aliyoanza.

"Basi usinioshe wewe," akasema. "Tafuteni mwingine yeyote. Wewe ubaki naye."

Nimeikataa kazi ile maisha yangu yote, na jioni ile, samaki mbele yangu, nililia kwa kunyimwa.